Kuchagua breki za gari la kasi kabla ya kuingia uwanja wa mbio: mwongozo kutoka gereji ya Mtwara

Mwezi wa Desemba, fedha za korosho zinapokuwa zimeshaingia mifukoni, hapa gerejini kwetu Chikongola huonekana aina ya mteja ambaye miezi mingine haonekani: mwenye Subaru Impreza au Mitsubishi Lancer Evolution iliyotoka Japani, anayetaka kulipeleka gari lake kwenye siku ya kuendesha uwanjani, na ambaye neno lake la kwanza ni kwamba anataka kalipa kubwa nyekundu, yaani kile kifaa chenye pistoni zinazobana pedi kwenye diski. Ninampa kiti, kisha ninamwambia kwamba kalipa ndiyo kitu cha mwisho tutakachokizungumzia.

Sababu ya kwanza ni safari yenyewe. Mtwara na Lindi hatuna uwanja wa lami wa mbio, kwa hiyo gari huondoka hapa likitembea kwa magurudumu yake, huenda Dar es Salaam umbali wa kilomita zipatazo 560 kabla hata ya kuanza safari nyingine ya mbele, hutumika uwanjani, kisha hurudi. Breki tunazozichagua lazima zistahimili moto wa uwanjani na pia zishike asubuhi zikiwa za baridi, pale ng'ombe anapovuka barabara bila kuuliza.

Hatua ya kwanza: lifahamu joto utakalolishughulikia

Breki haifanyi kazi nyingine zaidi ya kugeuza mwendo kuwa joto. Chukua gari la kilo 1,400 linalokimbia kilomita 160 kwa saa, likapunguzwa hadi kilomita 60 kabla ya kona. Nishati inayoachiwa ni takriban kilojuli 1,190. Breki za mbele hubeba kama asilimia 70 ya mzigo huo, hivyo kila diski ya mbele hupokea zaidi ya kilojuli 400 kwa sekunde chache, na diski ya chuma ya kilo 8 hupanda joto kwa nyuzi 100 hivi kwa kukanyaga mara moja tu. Uwanjani utakanyaga hivyo mara nne au tano katika kila mzunguko, na diski haitapata muda wa kupoa kati ya kona na kona. Ukilinganisha na safari ya Mtwara hadi Lindi, ambako unaweza kwenda nusu saa bila kufunga breki ya maana, utaona kwa nini gari lisilo na kasoro yoyote barabarani linaweza kupoteza breki kwenye mzunguko wa tatu.

Kila uamuzi unaofuata unatokana na hesabu hiyo. Usiulize ni kifaa gani chenye nguvu zaidi, kwa sababu breki yoyote inayoweza kufunga tairi hadi liteleze au hadi ABS (mfumo unaozuia tairi zisifunge) iingilie tayari ina nguvu ya kutosha. Uliza ni kifaa gani kitakachoshindwa kwanza joto likizidi.

Hatua ya pili: kagua kilichopo kabla ya kununua kipya

Inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi, vua magurudumu yote manne. Vumbi la breki usilipulize kwa upepo wa kompresa, kwa kuwa utalivuta mwenyewe. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Adui wetu wa huku ni chumvi. Mwezi uliopita nilifungua kalipa ya kuteleza, ile inayosogea juu ya pini, ya gari linalolala Shangani, hatua chache kutoka baharini. Pini ya juu ilitoka kwa kidole. Pini ya chini ilihitaji nyundo, nayo ilipotoka ilikuwa na rangi ya kahawa, grisi yake imekauka kama nta ya mshumaa. Pedi ya ndani ilikuwa imebaki milimita 3 na ya nje milimita 9. Mwenye gari alikuwa ameshaagiza diski kubwa zaidi, na lau tungezifunga bila kuzigusa pini hizo, zingetuvunja moyo sote, kwani pedi moja ingefanya kazi na nyingine ingesindikiza. Pini zisafishwe, zipakwe grisi ya silikoni inayostahimili joto (grisi ya kawaida huvimbisha mpira), na mpira wa pistoni uliochanika ubadilishwe.

Hatua ya tatu: anza na mafuta ya breki

Ikiwa una fedha ya kubadilisha kitu kimoja tu, badilisha mafuta. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, na hewa ya pwani yetu haina uhaba wa maji. Maji yakishaingia, kiwango cha kuchemka hushuka, na mafuta yakichemka ndani ya kalipa hutoa mapovu ya mvuke. Mvuke hubanwa, mafuta hayabanwi, na kanyagio huzama hadi sakafuni huku gari likiendelea na safari yake.

Viwango vya chini vinavyotakiwa kwa kila daraja la mafuta, linaloandikwa DOT kwenye chupa, ni hivi. DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, na ikishanyonya maji nyuzi 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Yako pia mafuta yaliyotengenezwa mahususi kwa mbio, ambayo yakiwa mapya huvuka nyuzi 300, na hayo ndiyo ninayoyapendekeza kwa mtu anayekwenda uwanjani kwa dhati, mradi akubali kuyabadilisha mara nyingi zaidi. Kuwa mwangalifu na namba: DOT 5 bila nukta ni mafuta ya silikoni, hayachanganywi na hayo mengine na hayafai kwa mfumo wenye ABS. Nimeona chupa hizo mbili zikikaa rafu moja, na muuzaji akisema ni kitu kilekile.

Somo hili nililipata kwa kosa langu. Miaka kadhaa nyuma nilijazia gari mafuta kutoka kwenye chupa iliyobaki nusu, iliyokaa gerejini masika nzima na kifuniko chake kikiwa kimelegea. Hapa mjini breki zilikuwa nzuri kabisa. Tulipokuwa tukishuka kutoka Newala, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, kanyagio lilianza kuwa laini kama limewekwa juu ya mto, na mara ya tatu halikushika. Nilirudisha gia hadi ya pili, nikavuta breki ya mkono taratibu, tukasimama kwenye changarawe. Baada ya nusu saa kanyagio lilikuwa gumu tena kana kwamba hakuna kilichotokea, na hapo ndipo hatari ya jambo hili ilipo: ukilipeleka gari kwa fundi likiwa limepoa, hataona kasoro. Tangu siku hiyo chupa ikifunguliwa hapa kwetu, kinachobaki hakirudi kwenye breki ya mtu.

Nunua lita moja, usukume mafuta yote ya zamani yatoke. Fuata mpangilio wa magurudumu ulio kwenye kitabu cha gari lako, kwa kuwa si magari yote yanayoanza na gurudumu la mbali. Kalipa za mbele za Brembo (chapa ya breki) zenye pistoni nne zina nati mbili za kutolea upepo, moja ndani na moja nje, na asiyelijua hilo huacha upepo nusu ya kalipa.

Hatua ya nne: chagua pedi kwa joto, si kwa jina

Pedi nyingi za barabarani huanza kuchoka joto likipita nyuzi 350 au 400 hivi: kanyagio hubaki gumu, lakini gari halisimami. Itofautishe dalili hii na ile ya mafuta. Kanyagio likizama, mafuta yamechemka; kanyagio likiwa gumu na gari halipungui mwendo, pedi zimezidiwa.

Kwenye ukingo wa pedi nyingi, hasa zinazofuata kanuni za Marekani, pameandikwa herufi mbili. Ya kwanza ni kipimo cha msuguano pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa ya moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi ya FE inakuambia yenyewe kwamba ikipata moto itapungua nguvu. Pedi ya FF au GG haikuahidi miujiza, ila inakuambia kwamba haibadiliki sana. Herufi hizo hazipimi uchakavu wala hazifiki kwenye joto la uwanjani, kwa hiyo zichukue kama kichujio cha kwanza, kisha tafuta jedwali la mtengenezaji linaloonyesha joto la kufanyia kazi.

Hapo ndipo wateja wengi hukosea upande wa pili. Pedi kamili za mbio, zinazostahimili nyuzi 600 na zaidi, hazishiki vizuri zikiwa za baridi, hupiga kelele, hula diski, na vumbi lake likilowa kwa hewa ya bahari huacha madoa ya kutu kwenye rimu. Kuziendesha kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kujitafutia ajali. Kwa anayekwenda uwanjani mara moja au mbili kwa mwaka nina mapendekezo mawili: ama pedi za daraja la kati, zinazouzwa kwa matumizi ya barabara na uwanja pamoja, ama seti mbili, moja ya njiani na nyingine ya kufungwa ukishafika. Binafsi napendelea seti mbili. Kubadilisha pedi za mbele kwenye kalipa ya Brembo ni kazi ya dakika 20, pini mbili na springi moja.

Agiza mapema. Spea za namna hii hatuna dukani hapa. Hutoka Dar es Salaam kwa basi, au nje ya nchi kabisa, na barabara yetu ni moja. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, ilikatika upande wa Kilwa, na waliokuwa wakisubiri mizigo walisubiri kwelikweli.

Hatua ya tano: diski

Diski nzuri kwa uwanjani ni ile nzito, yenye nafasi za hewa katikati, isiyo na mapambo. Diski zilizotobolewa matundu hupendeza kwenye picha, lakini nyufa huanzia kwenye matundu hayo. Zenye mifereji zinakubalika, ingawa hula pedi haraka zaidi. Soma unene wa chini uliogongwa kwenye diski yenyewe, kwa kawaida baada ya herufi MIN TH, upime kwa mikromita sehemu kadhaa. Ikikaribia kiwango hicho usiipeleke uwanjani, maana kila milimita iliyolika ni chuma ambacho kingehifadhi joto.

Usikimbilie kusema diski imepinda kwa sababu usukani unatetema. Mara nyingi ni masalia ya pedi yaliyoganda bila usawa, au ni kutu iliyobaki kwenye habu, kitovu ambacho diski hukalia. Safisha habu kwa brashi ya waya hadi ing'ae kabla ya kufunga diski mpya.

Hatua ya sita: hozi

Hozi za mpira zenye nyufa zibadilishwe. Zilizosukwa kwa nyuzi za chuma hazivimbi sana kama za mpira na hufanya kanyagio liwe imara, lakini hazipunguzi joto hata kwa nyuzi moja.

Hatua ya saba: sasa tuzungumze kalipa

Kalipa kubwa ina maana ukishafanya hayo yote na bado rangi ya kupimia joto, ile inayopakwa ukingoni mwa diski na kubadilika kwenye nyuzi 430, 560 na 610, inaonyesha kwamba unavuka uwezo wa pedi zako. Kabla hapo ni urembo.

Wengi hapa hutaka kuhamisha breki za Brembo za WRX STI, toleo la kasi la Impreza, kwenda kwenye Impreza ya kawaida. Upande wa mbele unawezekana, lakini diski yake ina kipenyo cha milimita 326, na rimu ya inchi 16 haitaingia. Unahitaji inchi 17, tena yenye spoku zisizogusa kalipa. Upande wa nyuma una mtego: ngoma ya breki ya mkono iliyomo ndani ya diski ya STI ina kipenyo tofauti. Ukiongeza pistoni kubwa bila kuangalia masta silinda (pampu ya mafuta inayosukumwa na kanyagio), kanyagio litakwenda mbali zaidi. Ukibadilisha mbele peke yake, mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma utahama. Kalipa za mtumba zifunguliwe zote, zibadilishwe mipira, hata kama muuzaji ameapa.

Hatua ya nane: zoeza pedi, kisha uzisikilize

Pedi mpya hazipelekwi moja kwa moja kwenye mwendo wa mbio. Mahali salama palipo wazi, au mwanzo wa zamu yako ya kwanza uwanjani, punguza mwendo kutoka kilomita 100 hadi 30 mara 8 hadi 10 bila kusimama kabisa, kisha endesha taratibu dakika 10 bila kugusa breki. Ukisimama diski ikiwa ya moto huku umekanyaga, pedi itaacha alama yake pale ilipobana.

Kila zamu imalizike kwa mzunguko mmoja wa kupoza. Ukiegesha, tumia gia au kizuizi cha tairi, si breki ya mkono. Kagua pedi baada ya kila zamu na uzitoe zikifika nusu ya unene, kwa kuwa pedi nyembamba hupitisha joto kwenye pistoni na kwenye mafuta uliyoyagharimia.

Jioni, kabla ya kurudi Mtwara, rudisha pedi za barabarani na kaza nati za magurudumu kwa spana ya kupimia nguvu. Pedi za uwanjani ziandikie kwa kalamu ya rangi kushoto na kulia, ndani na nje, uzifunge kwenye gazeti kavu, usizitupe kwenye buti karibu na dumu la mafuta ya injini. Mteja wangu mmoja alifanya hivyo, na seti nzima ilinyonya mafuta kabla hajafika Somanga.