Jinsi ya kutembelea British Museum na mwenzi wako bila kurudi mmenuniana

Jumba hili la makumbusho la London lina vitu karibu milioni 8, na vinavyooneshwa ni takriban 80,000. Hamtavimaliza, msijaribu. Kinachowagombanisha wapenzi humo ndani si historia, ni miguu: mmoja anasoma kila kibao, mwenzake kachoka na njaa inamuuma. Nyumbani kwetu tunao wote wawili, na utaratibu wetu ni huu.

1. Nendeni Ijumaa jioni. Siku nyingine hufungwa saa kumi na moja jioni, Ijumaa ni hadi saa mbili na nusu usiku, na misafara ya wanafunzi inakuwa imeshaondoka. Kiingilio ni bure, ila chukueni tiketi mapema kwenye tovuti. Masanduku ya safari yaacheni hotelini, mlangoni hayapiti.

2. Kabla ya siku yenyewe, kila mmoja achague vitu vitatu bila kumwambia mwenzake. Tovuti yao ina sehemu ya kutafutia, na ukurasa wa kila kitu husema kama kimetolewa stoo na kiko chumba gani. Andikeni "Olduvai" muone jiwe la kukatia lililochongwa kwetu Tanzania takriban miaka milioni 1.8 iliyopita. Mke wangu hakosi kuchagua sataranji za Lewis, zilizopatikana Uskoti mwaka 1831: malkia wote wameshika tama kama waliofiwa.

3. Jiwe la Rosetta, lile la Misri lenye maandishi ya aina tatu, lipiteni haraka. Watu hujazana mbele ya kioo wakinyoosha simu. Nakala yake iko Chumba 1, na hiyo mnaruhusiwa kuigusa.

4. Shukeni Chumba 25, Afrika, mkiwa bado na nguvu. Wengi hukiacha mwisho kwa sababu kiko chini kabisa, na hilo ni kosa. Hapo kuna vibao vya shaba vya Benin, vilivyoporwa na majeshi ya Waingereza mwaka 1897 katika nchi ambayo leo ni Nigeria. Mtabishana kama virudishwe. Bishaneni palepale, mbele ya vitu vyenyewe, wala msisubiri kitandani. (Sheria ya Uingereza ya mwaka 1963 inalibana jumba lisitoe mali yake kirahisi, kwa hiyo hata mkikubaliana haitasaidia.) Kisha tafuteni Kiti cha Enzi cha Silaha, alichokiunda msanii Kester wa Msumbiji mwaka 2001 kwa bunduki zilizosalimishwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hakuna hata moja iliyotengenezwa Afrika. Mimi hapo huwa sina haraka.

5. Achaneni kwa nusu saa. Wengine huona hili si la kimapenzi, lakini msomaji anasoma atosheke, na mchovu anakaa chini. Mkikutana kila mtu ana la kusimulia. Pa kukutania ni Great Court, ule ukumbi wa katikati wenye paa la vioo. Hata mgeni hapotei.

6. Chakula kaleni nje. Tokeni lango la Great Russell Street, vukeni barabara muingie Museum Street. Aliyechelewa kufika Great Court ndiye anayelipa.