Kutengeneza rejeta ya shaba ya kupoza kompyuta kwa maji

Maji hayawezi kupoa chini ya joto la hewa inayopita kwenye rejeta. Mchana wa Februari hapa Dar hewa hiyo hufika nyuzi 32, kwa hiyo rejeta inahitaji eneo kubwa la kugusana nayo. Wengi huhangaikia unene wa bomba. Wewe hangaikia mapezi, yaani vibati vyembamba vinavyovikwa kwenye mabomba.

Hatua ya 1: Vipimo
Kwa feni ya milimita 120, andaa vipande 10 vya bomba la shaba la nchi 3/8, lile la mafundi AC, kila kimoja sentimita 16, vikae safu mbili. Kata mapezi 40 ya karatasi ya shaba ya milimita 0.3, sentimita 12 kwa 5. Piga hesabu uone: mabomba peke yake yanaipa hewa kama sentimita za mraba 360; mapezi yanaongeza zaidi ya 4,000. Bomba na kona 9 za U utapata Kariakoo kwenye vipuri vya friji. Nunua kona kwanza, maana nafasi kati ya matundu lazima ifuate upana wake.

Hatua ya 2: Matundu
Bana mapezi yote katikati ya mbao mbili, toboa kwa pamoja. Tundu libane bomba. Pezi linalocheza halipokei joto.

Hatua ya 3: Kulehemu
Hapa usiharakishe. Sugua kwa msasa mpaka shaba ing'ae, paka flaksi (dawa inayosaidia lehemu ishike), panga mapezi kwa nafasi ya milimita 3, ndipo uvike kona. Tumia lehemu laini ya bati na risasi, inayoyeyuka karibu nyuzi 190, huku dirisha likiwa wazi. Vijiti vya fundi friji vinataka zaidi ya nyuzi 600, na moto huo utaharibu mapezi membamba. Pasha bomba, usipashe lehemu: bomba likishika moto wa kutosha, lehemu hunywewa yenyewe ndani ya kiungo. Funga kitambaa chenye maji kwenye kiungo cha jirani kisiachie. Kila pezi nalo liguswe na lehemu pale linapokutana na bomba.

Hatua ya 4: Kupima
Suuza kwa maji ya moto, kwa sababu flaksi iliyobaki hula shaba. Ziba upande mmoja, jaza upepo kidogo kwa pampu ya baiskeli, zamisha kwenye ndoo. Kiungo kinachotoa mapovu kirudie.

Hatua ya 5: Maji
Maji ya kisima yana chumvi, tumia yaliyokenekwa, yaani yale safi ya kuongeza kwenye betri. Dukani ukiomba maji ya betri unaweza kupewa asidi, hivyo soma chupa. Kibao cha prosesa, kile kinachokaa juu ya prosesa na kupitisha maji, kisiwe cha alumini, kwa kuwa ikikutana na shaba majini italika. Zungusha maji kwa saa 24 kompyuta ikiwa imezimwa, karatasi kavu zikiwa zimetandazwa chini ya kila kiungo.