Somo: Piga hesabu ya mkanda wa matatu

Pale soko la Kibuye, Kisumu, lori la matikiti likishushwa, tazama mikono ya anayedaka. Hakazi. Analipokea tikiti mbele ya kifua, kisha anarudi nalo hadi tumboni, magoti yamelegea. Akikaza, litapasuka au litamtegua vidole. Fizikia ya leo ndiyo hiyo, iliyobaki ni hesabu.

Hatua ya 1. Tafuta momenta: masi mara kasi. Abiria wa kilo 70 yuko kwenye matatu inayotoka Ahero kwa kilomita 72 kwa saa. Gawanya 72 kwa 3.6, upate mita 20 kwa sekunde. (Wanafunzi wangu wengi huangukia hapa, wanazidisha 72 ilivyo.) 70 × 20 = 1,400.

Hatua ya 2. Gari likisimama, 1,400 yote lazima iishe, iwe kwa breki au kwa mti. Kinachotofautiana ni muda.

Hatua ya 3. Gawanya momenta kwa muda, upate kani, yaani nguvu inayokusimamisha, kwa kipimo cha nyutoni. Breki ya taratibu, sekunde 4: nyutoni 350, unainama kidogo tu. Ajali ukiwa umefunga mkanda, tuseme sekunde 0.1: nyutoni 14,000. Mbavu zinaweza kuvunjika, lakini wengi hupona. Bila mkanda, gari limesimama na wewe bado unakwenda na ile 20 yako mpaka kifua kikutane na dashibodi. Sekunde 0.01: nyutoni 140,000, sawa na uzito wa tani 14 hivi.

Hatua ya 4. Sasa kagua gari. Bonneti inayokunjamana, mfuko wa hewa, povu gumu ndani ya helmeti ya boda: vyote vinakuongezea muda. Kuna wanaosifu magari ya zamani kwa chuma kigumu. Mimi siyatamani, bodi isipokunjamana, utakunjamana wewe. Mkanda wa pointi tatu, aliouunda Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, pia huisambaza kani kwenye kifua na nyonga badala ya tumbo laini.

MASWALI

Kakamega: Mwalimu, mtoto wangu ana kilo 10. Nikimpakata na kumshika vizuri, si inatosha?

Jibu: Haitoshi, mama. 10 × 20 ni 200, gawanya kwa 0.1: nyutoni 2,000. Hayo ni magunia mawili ya mahindi ya kilo 90, na bado kuna baki. Mfunge kwenye kiti chake.

Molo: Kwenye mteremko wa Salgaa, madereva wa malori hutoa gia ili waokoe mafuta. Kuna ubaya?

Jibu: Mkubwa. Lori la tani 30 kwa kasi hiyo hiyo lina momenta 600,000. Ukitoa gia, injini haikusaidii kulizuia. Breki zinabeba kazi peke yake, zinashika moto, zinaacha kushika. Halafu injini nyingi za kisasa, ukiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, hukata dizeli zenyewe. Sasa hapo umeokoa nini?

Nakuru, kidato cha 3: Kasi ikiwa mara mbili, kani nayo ni mara mbili?

Jibu: Ingekuwa hivyo kama muda ungebaki uleule. Lakini bonneti haijarefuka. Ukija na kasi maradufu, unamaliza nafasi yake ya kukunjamana kwa nusu ya muda. Kwa hiyo ni mara nne. Shuka hadi kilomita 36 kwa saa uhakikishe: 700 gawanya kwa 0.2 ni 3,500, robo ya ile 14,000.