Kumlisha kifaranga kabla hajavunja yai

Joto la Machi hapa Kisauni halina huruma na kuku. Kuku hatoki jasho. Joto likimzidi huachama mdomo akatweta, na akishindwa ndiyo basi. Miye huanza kumkinga angali ndani ya yai, siku ya 18 ya kuatamia.

Siku hiyo ina sababu. Kifaranga akikaribia kutoka huyanywa yale maji yanayomzunguka. Ukiyatia lishe kwa sindano, anaimeza mwenyewe.

Mimi hutumia vitamini C tu, imsaidie kustahimili joto. Ampuli ya mililita 5 huwa na miligramu 500. Navuta mililita 3, nachanganya na mililita 47 za maji ya dripu, yale ya chumvi asilimia 0.9. Hiyo yatosha mayai 100: kila yai nusu mililita, yaani miligramu 3. Usizidishe ukidhani watapata nguvu zaidi, utawaua. Na changanya siku hiyo hiyo, chupa uifunike, maana mwanga huiharibu vitamini.

Chungulia mayai kwa tochi, yaliyokufa yatoe, halafu chora kwa penseli mpaka wa chumba cha hewa, upande butu. Futa kwa spiriti. Toboa ganda kwa ncha ya sindano nene, kisha shusha wima sindano nyembamba, geji 23, ya inchi moja, mpaka izame yote. Hapa ndipo nilipoungua. Nilianza na sindano za insulini, nilizokuwa nazo nyumbani. Fupi mno, dawa ikabaki kwenye hewa juu ya utando, wala kifaranga hakuonja tone. Trei iliyofuata nikapiga dawa ya baridi, imetoka frijini sasa hivi. Nilizika mayai 11. Siku hizi maji ya dripu nayalaza kwanza ndani ya mashine ya kutotolea yapate joto la mayai, ndipo natia vitamini.

Ziba tundu kwa tone la nta ya mshumaa, rudisha mayai upesi, na usiyageuze tena.

Mara ya kwanza piga mayai 10 tu, mengine 10 yaache vilevile, uhesabu wanaototolewa kila upande. Na kama banda lako ni mabati matupu yasiyo na dari wala pa kupitia upepo, weka sindano chini, dada, ukanunue makuti kwanza.