Pima shingo kabla ya kununua nyuzi za besi

Nimejifunza hili baada ya kununua seti nzuri ya nyuzi ambayo haikulifaa gitaa langu dogo la besi. Kabla ya kwenda dukani, chukua futi kamba, pima kuanzia kile kipande chenye mifereji kwenye kichwa cha gitaa hadi freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), kisha zidisha kwa 2. Freti hiyo iko katikati kabisa ya urefu wa uzi unaotetemeka, kwa hiyo ukipata inchi 17 (kama sm 43), besi yako ni ya inchi 34, ile ya kawaida. Ukipata 15, ni fupi, ya inchi 30. Agiza nyuzi za besi ya urefu huo. Uzi wa besi hupungua unene karibu na ncha ili uzunguke vizuri kwenye kikazio, kile cha kukazia uzi kichwani. Ukiweka uzi mrefu kwenye besi fupi, sehemu nene ndiyo inayozungushwa, na hapo hukunjika vibaya au hata kukatika, hasa ule wa E, ulio mnene zaidi.

Kipimo hiki hakitoshi kama nyuzi zako hupita ndani ya mwili wa gitaa kutokea nyuma: hapo pima pia kutoka pale kinapokaa kile kitufe cha mwisho wa uzi hadi kwenye mifereji. Wala hakikwambii unene. Kama hujui, anza na seti ya 45 hadi 105 (unene kwa elfu za inchi, kuanzia uzi mwembamba hadi mnene). Ukibadili unene, shingo inaweza kupinda, hivyo uwe tayari kuirekebisha upya.