Jinsi ya kuomba mafunzo na idhini ya ufundi wa gesi asilia, na pale faili linapokwama

Nimemaliza kufuatilia idhini ya kufanya kazi kwenye mtandao wa gesi hivi karibuni, na kilichonichelewesha kuliko mtihani wowote ni karatasi. Naandika kwa fundi bomba, mchomeleaji, fundi wa mita au kijana aliyetoka chuo cha ufundi anayetaka kuingia kampuni ya kusambaza gesi. Majina ya fomu yanatofautiana nchi kwa nchi, lakini mpangilio unafanana sana, na sehemu zinazokwamisha watu ni zilezile.

Kabla hujashika kalamu, elewa jambo moja ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: hakuna idhini ya jumla ya kuwa "fundi wa gesi". Unaidhinishwa kwa kazi moja moja. Marekani, kanuni za shirikisho za usalama wa mabomba zinamtaka mwenye mtandao aorodheshe kazi zinazogusa usalama, kisha ahakikishe kila anayezifanya amepimwa kwa kazi hizo, pamoja na uwezo wa kutambua hali isiyo ya kawaida na kuchukua hatua. Uingereza, kadi ya Gas Safe, rejesta rasmi ya mafundi wa gesi iliyochukua nafasi ya ile ya CORGI mwaka 2009, nyuma yake imeorodhesha kazi ambazo mwenye kadi anaruhusiwa kufanya. Fundi anaweza kuwa na kadi halali mfukoni na bado asiwe na ruhusa ya kugusa kifaa kilicho mbele yake.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuomba orodha ya kazi kutoka kwa mamlaka au mwajiri, na kuisoma yote. Kutafuta uvujaji ni kazi moja. Kuunganisha bomba la plastiki kwa joto ni nyingine, na kuunganisha kwa soketi za umeme (viungo vya plastiki vyenye waya ndani unaopashwa moto kwa umeme) hupimwa peke yake. Kufunga mita, kurekebisha regulata (kifaa kinachodhibiti presha ya gesi), kubana bomba ili kusimamisha gesi, kuonyesha njia ya bomba kabla ya kuchimba: kila moja ina msimbo wake. Chagua zile utakazozifanya kweli katika miezi ya mwanzo. Ukijaza kumi na mbili kwa sababu nafasi ipo kwenye fomu, utatakiwa kuleta ushahidi wa zote kumi na mbili, na faili lako litasimama likisubiri ile moja ambayo hakuna mtu wa kukusimamia uifanye.

Kazi za regulata usiziombe mwanzoni. Tarehe 13 Septemba 2018, katika Bonde la Merrimack, jimbo la Massachusetts, wafanyakazi walikuwa wanahamisha gesi kutoka bomba la zamani la chuma cha kalibu kwenda bomba jipya la plastiki. Vijibomba vinavyozipa regulata taarifa ya presha vilibaki vimeunganishwa na bomba la zamani lililokatwa. Presha humo ilipoanguka, regulata "ziliona" gesi inapungua na zikafunguka zaidi. Presha ya juu iliingia kwenye nyumba za watu, moto na milipuko ikazuka katika miji mitatu, na kijana mmoja akafa. Wale mafundi walifuata maelekezo waliyopewa. Kasoro ilikuwa kwenye maandalizi ya kazi yenyewe. Ukifika hatua ya kusoma regulata, mkufunzi asiyekueleza vijibomba hivyo vinapita wapi, muulize mpaka akueleze.

Hatua ya pili, nyaraka. Hapa sina mengi: kitambulisho, vyeti vya shule na ufundi, picha, risiti ya malipo. Hakikisha majina yako yamepangwa sawa kwenye nyaraka zote. Cheti cha afya ndicho kinachohitaji kushughulikiwa mapema, kwa sababu daktari lazima ajaze fomu ya kazi yenye hatari, na cheti cha kawaida cha "yuko mzima" hakitoshi. Watapima macho, masikio na mapafu, na pale ambapo kazi inahitaji kuvaa barakoa ya kupumulia utapimwa kama inakaa sawasawa usoni. Ndevu zinazopita chini ya ukingo wa barakoa zinavujisha hewa, kwa hiyo nyoa kabla ya kipimo hicho. Marekani kuna pia kipimo cha dawa za kulevya kabla ya kuanza kazi, na baada ya hapo unaweza kuitwa bila taarifa wakati wowote.

Hatua ya tatu ni darasa na mtihani wa maandishi. Watu hukariri maswali ya miaka iliyopita, na wengi hufaulu hivyo. Nakusihi usipite njia hiyo kwenye sehemu ya vipimo vya gesi, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayokurudisha nyumbani ukiwa hai.

Kifaa cha kupima gesi kinaweza kuonyesha namba kwa njia tatu: sehemu kwa milioni, asilimia ya kiwango cha chini cha mlipuko, na asilimia ya gesi ndani ya hewa. Gesi asilia huanza kuweza kuwaka ikifika takriban asilimia 5 ya hewa, na hicho ndicho kiwango cha chini cha mlipuko; ikizidi takriban asilimia 15 inakuwa nyingi mno kulinganisha na hewa, haiwaki. Sasa fikiria skrini inasoma 10. Ikiwa ni asilimia ya kiwango cha chini cha mlipuko, hewani kuna nusu asilimia ya gesi, na sehemu nyingi huo ndio mpaka wa kutoka eneo dogo lililofungwa. Ikiwa ni asilimia ya gesi ndani ya hewa, umesimama katikati ya mchanganyiko unaolipuka. Namba ni ileile. Kinachozitenganisha ni herufi ndogo pembeni ya skrini, na mtahini atakuuliza herufi hizo.

Swali la pili linaloangusha watu linahusu kihisi chenyewe. Vifaa vingi hupima kwa kuunguza gesi kidogo ndani ya kihisi, na kuunguza kunahitaji oksijeni. Ukishusha mpira wa kuvuta hewa ndani ya shimo lililojaa gesi tupu, namba hupanda haraka, kisha hushuka, pengine mpaka karibu na sifuri. Shimo halijawa salama. Limekosa hewa ya kuunguzia. Ndiyo maana oksijeni husomwa kwanza: hewa ya kawaida ina asilimia 20.9, na kanuni za Marekani zinahesabu chini ya 19.5 kuwa hewa isiyofaa kuingia.

Kuhusu harufu, jibu la mtihani ni fupi: gesi asilia haina harufu yake, harufu hutiwa. Sababu yake inastahili kukumbukwa. Tarehe 18 Machi 1937, shule ya New London huko Texas ililipuka kwa gesi iliyovuja chini ya jengo bila mtu kuinusa, na karibu watu 300 wakafa, wengi wao wanafunzi. Baada ya hapo kutia harufu kukawa sheria. Leo kanuni za Marekani zinataka mtu mwenye pua ya kawaida aisikie harufu gesi ikiwa bado ni moja ya tano ya kiwango cha chini cha mlipuko, yaani kama asilimia 1 ya hewa. Lakini udongo hufyonza harufu hiyo, mabomba mapya nayo hufyonza, na pua huzoea. Ukiandika kwenye mtihani kwamba fundi anathibitisha usalama kwa kunusa, umefeli, na ni haki.

Hatua ya nne ni vitendo. Nitaeleza kuunganisha kwa soketi ya umeme, maana hapo ndipo niliona wenzangu wengi wakirudishwa.

Bomba la poliethilini, hata jipya, lina ngozi nyembamba ya juu iliyochakaa kwa hewa na jua. Ngozi hiyo haiyeyuki na kushikana vizuri, kwa hiyo lazima iondolewe kwa kikwaruzo maalumu. Msasa hautoshi, kwa sababu unaisambaza tu. Chora mistari kwa kalamu kuzunguka sehemu yote itakayoingia kwenye soketi, kisha kwaruza mpaka usibaki mstari hata mmoja. Hapo mtahini anaona kwa macho yake kwamba hukuruka sehemu, hasa upande wa chini ambao mkono unaufikia kwa shida. Futa kwa kitambaa maalumu chenye spiriti ya kusafishia, acha pakauke, na usipaguse tena kwa kidole. Weka alama ya kina cha kuingiza. Funga kibano kinachoshika pande zote mbili zisicheze. Ndipo uwashe mashine.

Mashine ikimaliza, kazi yako haijaisha, na hapa ndipo wengi huharibu. Muda wa kupoa umeandikwa kwenye soketi. Ukifungua kibano mapema bomba linajivuta kidogo ndani ya plastiki ambayo bado ni laini, na kwa nje kiungo kitaonekana kizuri kabisa. Kaa na saa yako. Andika kwa kalamu juu ya bomba muda ulioanza na muda wa kufungua. Vituo vingi vinatoa alama kwa hilo. Baadaye mtahini atakata kiungo na kukichana. Plastiki ya kiungo kizuri huvutika na kunyambuka. Kiungo kibovu hubanduka na kuacha uso laini unaong'aa. Omba ukae pale kinapochanwa, hata kama umeambiwa matokeo yatatumwa. Dakika hizo zilinifundisha mengi kuliko wiki za darasani.

Utapimwa pia kwenye mtaro. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito unaoweza kupita tani moja na nusu, kwa hiyo ukiona kuta hazijakingwa na kina kinapita kiwango cha kanuni, jibu sahihi ni kukataa kushuka, hata kama mtahini mwenyewe ndiye anayekuita. Wengine huliweka hilo kama jaribio.

Sasa hatua ya tano, iliyonigharimu: kumbukumbu za kazi ulizofanya chini ya usimamizi. Kituo nilikosomea kilitupa fomu ya toleo la zamani, isiyo na sehemu ya namba ya idhini ya msimamizi. Hakuna aliyetwambia kuna toleo jipya. Nikajaza, nikapata sahihi zote, nikalipa, nikawasilisha. Faili likakaa kwenye foleni wiki kadhaa, likarudi na mstari mmoja: ushahidi haujakamilika. Msimamizi wangu wa awali alikuwa amehamia kampuni nyingine, na nilipompata ikagundulika kadi yake ilikuwa imeisha muda katika baadhi ya tarehe alizonisainia. Kazi za tarehe hizo zikafutwa. Nikazirudia na kulipia upya upimaji.

Ili yasikukute, chukua fomu moja kwa moja kwa mamlaka inayotoa idhini, usipokee nakala ya kituo, na linganisha tarehe ya toleo iliyo chini ya ukurasa. Siku ya kwanza na msimamizi, mwambie kwa heshima, "Mzee, naomba nakala ya kadi yako, faili langu litahitaji namba na tarehe ya mwisho." Hakuna fundi mzoefu atakayekasirika kwa hilo. Kila kazi iandikwe siku ileile: msimbo wake kama ulivyo kwenye orodha, mahali, aina na kipenyo cha bomba, presha, na ulichofanya kwa mkono wako. Tenganisha waziwazi "nilifanya" na "niliangalia", kwa sababu kazi ulizoangalia hazihesabiwi, na zikichanganywa zinatia shaka hata zile halali. Sahihi ipatikane kabla hamjaondoka eneo la kazi.

Picha husaidia sana, ila usitoe simu ya kawaida mahali penye uwezekano wa gesi hewani. Piga kabla gesi haijafunguliwa au baada ya kipimo kuonyesha ni salama, na msimamizi akiwa ameruhusu.

Hatua ya sita ni kuwasilisha. Ukituma kwa mtandao, pakia kila kazi kama faili lake, lenye msimbo kwenye jina. Ukipeleka kwa mkono, omba muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, na uondoke ukiwa na namba ya faili. Anayepokea mara nyingi siye anayekagua, kwa hiyo "imekamilika" ya dirishani isikutulize. Ukirudishiwa, omba kwa maandishi kifungu cha mwongozo kilichokosekana. Mimi nilipouliza hivyo ndipo nilipoelezwa kuhusu fomu mpya.

Ukipata idhini, andika tarehe za mwisho za kila kazi, kwa kuwa hazifanani. Uingereza, vyeti vya ACS, mfumo wa kupima umahiri wa mafundi wa gesi, hufanywa upya kila miaka 5. Marekani, muunganishaji wa mabomba ya plastiki hupimwa upya kila mwaka wa kalenda, pasipo kupita miezi 15 tangu kipimo kilichotangulia, au mara kiungo chake kimoja kinapoonekana kibovu kwenye majaribio. Anza kuomba upya mapema, kwa sababu idhini ikiisha wakati faili liko mezani kwao, kazi hiyo huruhusiwi kuifanya mpaka jibu litoke, na sahihi utakazowawekea vijana walio chini yako katika kipindi hicho zitafutwa kama zilivyofutwa zangu.