Tabora hadi Kigoma kwa baiskeli, mkiwa kikosi na mkichangisha

Juzi kijana wa mtaani alinikuta kijiweni nikinyoosha rimu. "Shikamoo mjomba. Nasikia mliendesha mpaka Kigoma kuchangia magodoro ya wodi ya wazazi. Na sisi tunataka, tuko wanane." Nilimweleza kwa mdomo, akashika nusu. Haya ndiyo yote.

Hatua ya 1: pesa
Kuchangisha hadharani kunataka kibali. Anzieni ofisi ya mkuu wa wilaya. Pesa ziingie kwenye laini moja ya simu isiyo ya mwendeshaji yeyote, na mhazini abaki nyumbani. Ahadi zikusanywe kabla ya kuondoka. Mtu akishasikia mmefika salama, ahadi yake inalala.

Hatua ya 2: baiskeli
Phoenix. Najua vijana mnapenda za gia, lakini gia ikikatika Nguruka mtasukuma. Spoki na gololi za Phoenix zipo kwa fundi wa karibu kila senta.

Hatua ya 3: fulana
Msishone za buluu wala nyeusi. Rangi hizo zinawaita mbung'o, na kitu kinachotembea kinawaita zaidi. Zetu zilikuwa buluu, mfadhili ndivyo alivyopenda. Yeye hakupita porini.

Hatua ya 4: pancha
Hapa tulieni. Nilipoteza muda wa saa tatu na nusu kati ya Kaliua na Nguruka, jua la utosi.

Kuziba kila mtu anajua: msasa, solusheni, kiraka. Nikaziba, tukaenda kama kilomita mbili, pssss. Nikaziba tena. Mara ya tatu nikalaumu solusheni, mara ya nne nikalaumu viraka. Mara ya tano dada mmoja wa kikosi, ambaye hajawahi kushika spana, akaniuliza: "Kaka, mbona matundu yote yamekaa sehemu moja?"

Mwiba ulikuwa bado ndani ya tairi. Ulikatika usawa wa mpira, kwa nje huuoni, na kwa ndani ncha inachomoza pale tu mtu anapokalia baiskeli.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kabla ya kutoa tyubu, piga alama ya chaki kwenye tairi, mkabala na vali. Toa tyubu, ijaze, izungushe kwenye maji utafute mapovu. Pima kutoka kwenye vali mpaka kwenye tundu, kisha pima urefu uleule kwenye tairi kuanzia chaki. Pima pande zote mbili kama hukumbuki tyubu ililalaje. Hapo likunje tairi kinyumenyume kwa vidole gumba, mwiba utatoa kichwa. Usipapase kwa kidole kitupu, pitisha kitambaa, kitanasa.

Tundu likiwa upande unaotazama rimu, usihangaike na mwiba. Hicho ni kichwa cha spoki, na utepe wa rimu umesogea. Kata ukanda wa tyubu kuukuu uvishe. Hakuna tundu kabisa? Paka mate kwenye vali. Yakitoa povu, badilisha kile kijimpira cha vali.

Solusheni ipakwe nyembamba, isubiriwe mpaka kidole kisinate. Wenye haraka hubandika ikiwa mbichi.

Siku hizi kila mtu nambebesha tyubu nzima ya akiba. Barabarani mnabadilisha tu, kuziba ni kazi ya jioni.

Hatua ya 5: njiani
Tabora mpaka Urambo ni kama kilomita 90, inatosha siku ya kwanza. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, saa tano muwe kivulini. Mwenye mwendo mdogo akae mbele, fundi nyuma kabisa. Lori likija, wote pembeni bila mjadala.

Chakula: michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa), karanga, na asali yetu. Biskuti achaneni nazo. Kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi.

Hatua ya 6: Uvinza hadi ziwani
Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika mita 770 hivi, kwa hiyo watu hudhani ni mteremko mtupu. Kutoka Uvinza zimebaki kama kilomita 100, na vilima vyake mtavijua. Wekeni breki mpya hapo Uvinza.

Magodoro mlipieni dukani wenyewe, mchukue risiti.

Baiskeli zirudi kwa treni. Andikeni majina kwa rangi kwenye fremu. Mimi nilifunga karatasi, ikadondoka njiani. Stesheni ya Tabora nilisubiri kila mtu achukue yake, ndipo nikaitambua yangu kwa viraka vitano vya tyubu niliyoifunga kwenye keria.